SOMO LA MWEZI HUU: KATANGA IKO WAPI?



Siku moja, kisha etidi ya jioni, mudogo mumoja wa mwaka wa saba alikuja kuniona na buku ya jiografia mukononi. Aliifungua pa karte ya Congo, ile mupya yenye majimbo 25 na muji wa Kinshasa. Akaniuliza: "Yaya, Katanga iko wapi humu? Nimetafuta, siione." Nilicheka kwanza. Kisha nikaangalia karte, na kicheko kikaisha. Kweli, Katanga peke yake haiko. Kuko Haut-Katanga, kuko Lualaba, kuko Haut-Lomami, kuko Tanganyika. Lakini mudogo yule, ukimuuliza yeye ni wa wapi, atakujibu palepale: "Niko mu-Katanga."

Juma lilelile, mu dortware, wanafunzi wawili walipigana. Haikuwa juu ya mupira, haikuwa juu ya chakula. Mumoja alimwambia mwenzake: "Rudia kwenu, huku si kwenu." Mwenzake alizaliwa Kikula, na baba yake vilevile. Miye kapita njo niliwaachanisha, lakini sikuwa na neno la kuwaambia. Kupiga filimbi ni rahisi, kujibu ni kazi.

Usiku ule niliona kwamba maulizo haya mawili ni ndugu. Katanga iko wapi? Na nani ni wa Katanga? Basi nimeomba ruhusa kwa walimu ya kuandika somo hili. Mulisome polepole. Mwishoni kuko maulizo ya kujibu.

1. INCHI YENYEWE

Jimbo la Katanga lilikuwa na kilometa za mraba karibu 497,000. Inchi ya Ubelgiji, iliyotutawala, inaweza kuingia humo mara kumi na sita. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilipanga kuigawanya, na mwaka 2015 mugawo ukafanyika. Yalitoka majimbo mane:

– Haut-Katanga, kilometa za mraba karibu 132,000, muji mukubwa Lubumbashi. Sisi wa Likasi tuko humu.
– Lualaba, karibu 121,000, muji mukubwa Kolwezi.
– Haut-Lomami, karibu 108,000, muji mukubwa Kamina.
– Tanganyika, karibu 135,000, muji mukubwa Kalemie.

Kusini inchi iko juu. Likasi yetu inapita mita 1,200 juu ya bahari, njo maana mwezi wa sita na wa saba tunatetemeka asubuhi mbele ya bendera. Kuko pori la miombo na vichuguu virefu kupita nyumba. Mvua inanyesha toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, kisha kiangazi. Ukienda kaskazini, inchi inashuka mpaka bonde la Upemba, fasi ya maziwa, mafunjo na samaki wengi. Humo kuko mbuga ya Upemba, iliyofunguliwa mwaka 1939. Mbuga ya Kundelungu ilifunguliwa mwaka 1970, na ndani yake maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja.

Sasa muchukue kalamu na mufuate mito. Lualaba inazaliwa kusini, karibu na mupaka wa Zambia. Inapita upande wa Kolwezi, inafika Bukama, inaingia mu maziwa ya Upemba. Lufira yetu, ile inayotupatia umeme ku Mwadingusha tangu 1930, inakwenda kuikuta kulekule, ku ziwa Kisale. Luvua inatoka mu ziwa Mweru na kuingia mu Lualaba pale Ankoro. Lukuga inatoka mu ziwa Tanganyika pale Kalemie, nayo inakwenda ku Lualaba. Paka maji ya magharibi, upande wa Dilolo na Kapanga, njo yanaelekea Kasai. Mengine karibu yote yanakutana, yanapita Kongolo pamoja, na mbele yanaitwa muto Congo. Karte ya serikali ina mistari mu inchi hii, lakini maji hayasimame pa mustari.

Chini ya udongo kuko mustari mwingine, ule wa mawe ya shaba na kobalti. Unatoka Kolwezi, unapita hapa kwetu, unakwenda Lubumbashi mpaka Zambia. Ni mustari huo ulioleta karibu kila mutu unayemuona mu barabara za Likasi.

2. WANKAMBO NA SHABA

Wengine wanafikiri Wazungu njo walivumbua shaba ya Katanga. Si kweli. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya zamani pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta nyungu nzuri sana, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba. Mengi ya makaburi yale yana miaka inayokaribia elfu moja au kuipita. Mu makaburi yaliyofuata nyuma walikuta misalaba ya shaba. Haikuwa misalaba ya kanisa, ilikuwa mali. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba ikawa midogo na ya kipimo kimoja, mpaka ikatumika sawa vile franga.

Shaba ilichimbwa wakati wa kiangazi. Wafuaji walitoa jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala na kupuliza kwa mivukuto mpaka jiwe likayeyuka. Hapa kusini, Wasanga walioshika kazi hiyo waliitwa watu wanaokula shaba. Kaskazini ufalme wa Waluba ulisitawi. Wenye kujua historia yao waliishika kwa lukasa, ubao mudogo wenye ushanga: kila ushanga na neno lake, vidole vinapita juu na mudomo unasimulia. Magharibi Mwant Yav alitawala Walunda. Kiti chake kiko pale Musumba mpaka leo.

Katanga lilikuwa jina la chifu mumoja wa kusini, mwenye inchi ya shaba. Kisha kati ya karne ya 19 alikuja mufanya-biashara toka Usumbwa, upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Jina lake Ngelengwa, sisi tunamujua kwa jina la Msiri. Alikuja kutafuta shaba na pembe, akabaki, akawa mufalme. Watu wake njo Wayeke, inchi yake ikaitwa Garenganze, na muji wake ulikuwa Bunkeya. Mwaka 1886 Frederick Stanley Arnot, mujumbe wa Injili kutoka Scotland, alifika Bunkeya, na kwa njia hiyo mahubiri ya Waprotestanti yakaanza mu inchi hii. Tarehe 20 Desemba 1891 watu wa mufalme Leopold II walikuja kumulazimisha Msiri akubali bendera yao. Kapiteni Bodson alimupiga Msiri risasi akafa, na Bodson naye akauawa palepale. Hivi njo Katanga iliingia mu mikono ya Leopold.

Muangalie vizuri: mutu tunayemuhesabu leo kuwa mukubwa wa historia ya Katanga alikuwa mwenye kuja.

3. TRENI NA WATUMIKAJI

Tarehe 28 Oktoba 1906 kampani Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville ikitoka kusini, mwaka 1913 ikafika Kambove. Kazi ilikuwa nyingi na watu wachache. Kampani ikatafuta watumikaji fasi zote: mu Zambia ya leo, mu Rwanda na Burundi, mu inchi ya Waluba, mu Kasai. Mwaka 1928 reli ya kwenda Ilebo ikaisha, na treni ikaleta wengi toka Kasai. Hapa kwetu zilijengwa uzini za Panda na Shituru. Muji ukapewa jina la Muzungu Jean Jadot, Jadotville, mpaka 1966 uliporudia kuitwa Likasi.

Mu kambi za watumikaji, Mubemba alikaa mulango kwa mulango na Muluba, Mulunda na Munyarwanda. Wasikilizane namna gani? Kwa Kiswahili. Mu Katanga hakuna kabila lenye kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya wankambo wake. Kilikuja mu njia za biashara za mashariki, kazi ikakikuza. Leo mutoto wa Likasi anaota ndoto mu Kiswahili. Hata lugha yetu ni yenye kuja.

Na mengine tunayoita ya kwetu yalitoka mu mukusanyiko uleule. Bukari na sombe na vinkubala, munkoyo ya mizizi wakati wa joto, tunakula na kunywa bila kuuliza ni vya kabila gani. Wachoraji wa Le Hangar, shule iliyofunguliwa Elisabethville mwaka 1946, sawa Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, walitoka pande mbalimbali. Jean Bosco Mwenda, mwana wa Bayeke, alikuwa anapiga gitaa humu mu muji wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi sauti yake hapahapa Jadotville, na gitaa ile ikasikika mu Afrika nzima na Ulaya.

4. JINA LINALOKWENDA NA KURUDI

Mugawo wa 2015 haukuwa wa kwanza. Toka 1933 mpaka 1947 jimbo letu liliitwa Elisabethville, sawa muji wake. Jina Katanga likarudi. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu nyuma yake, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi peke yake. Bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Waluba wengi wa kaskazini, na chama chao cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa. Watu wakauana, kijiji na kijiji.

Muji wetu uliona vita ile. Mu Septemba 1961 askari wa Ireland karibu 155 wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa Jadotville. Walipigana siku tano, kisha wakashikwa. Mu usiku wa kuamkia tarehe 18 ya mwezi uleule Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekuwa Katibu Mukubwa wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola. Alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe juu ya amani. Kujitenga kuliisha mu Januari 1963.

Kati ya 1962 na 1963 Katanga ilikatwa vipande vitatu. Mwisho wa 1966 ikaunganishwa. Mu zamani za Zaïre ikaitwa Shaba. Mwaka 1997 ikarudia kuwa Katanga. Mwaka 2015 ikagawanywa tena. Wazee wetu wamoja walizaliwa Elisabethville, wakasoma Katanga, wakaoa Shaba, wakazika wazazi Katanga, na leo wako Haut-Katanga. Hawakuhama hata siku moja.

5. MUFANO TOKA MBALI

Nimemutaja Mswidi. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba kwao vilevile kuko majimbo yaliyoondolewa ku kazi ya serikali. Uswidi ina majimbo ya zamani 25. Mwaka 1634 serikali ilipanga mikoa mipya ya utawala. Toka siku zile majimbo ya zamani hayana liwali, hayana ofisi ya kodi. Lakini mpaka leo, karibu miaka 400, mutu wa kule anasema: "Niko wa Dalarna," "Niko wa Skåne."

Dalarna njo inatufaa sisi. Ni inchi ya milima, pori na ziwa Siljan. Na ni inchi ya shaba! Mu karne ya 17, shimo la Falun lilitoa karibu sehemu mbili kwa tatu za shaba yote ya Ulaya. Shaba ilikuwa nyingi mpaka mwaka 1644 Uswidi ikatengeneza franga ya shaba yenye uzito wa karibu kilo 20, kipande kimoja. Mutafakari mutu anayekwenda soko nayo. Mwaka 1687 shimo lilibomoka, lakini hakuna aliyekufa, juu watumikaji walikuwa mu mapumziko ya sikukuu. Rangi nyekundu iliyotoka mu shimo lile inapakwa ku nyumba za Uswidi nzima, na farasi mudogo wa muti wanaomuchonga Dalarna amekuwa alama ya inchi yao yote.

Serikali iliita mukoa ule Kopparberg, maana yake mulima wa shaba. Mwaka 1997 wakaufuta, wakarudisha jina la zamani, Dalarna. Mwaka uleule Shaba yetu ilirudia kuwa Katanga. Na shimo la Falun, kisha miaka mingi sana ya kazi, lilifungwa mu Desemba 1992.

Mwaka huo 1992 sisi wa Likasi tunaujua kwa jambo lingine.

6. NANI NI WA KATANGA?

Hapa naomba wakubwa wanisamehe, juu ni kidonda. Lakini mudogo anayesoma historia bila kidonda chake hasomi historia.

Mafarakano hayakuanza siku moja. Mu uchaguzi wa Desemba 1957 watu wa asili ya Kasai walishinda viti vikubwa mu miji ya Katanga. Wenyeji wengi waliona kwamba kazi nzuri na vyeo vinachukuliwa, na mwaka 1958 wakaunda chama cha Conakat. Wivu ule ulikuwa na sababu ambayo mutu anaweza kuielewa. Kisha zikafika siku za njaa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Mwaka 1993 ilitoa karibu 50,000. Mishahara ikakosa, na mwenye njaa anatafuta wa kumulaumu. Wanasiasa wakamuonyesha jirani.

Mu 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Waliitwa bilulu, ni kusema vidudu. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Maelfu walikaa miezi ku kituo cha treni cha Likasi na mu masomo, wakingojea treni, na wengi, zaidi watoto, walikufa kwa magonjwa na njaa. Wengi wao walizaliwa Katanga, hawakuijua Kasai hata kwa macho. Treni iliyoleta wankambo wao kwa kazi njo iliwarudisha kwa machozi.

Je, shaba iliongezeka? Hapana. Uzini zilipoteza watumikaji wenye kujua kazi, masomo yakapoteza walimu, na njaa ikabaki na wale waliofukuza.

Mu kalasi yetu tulifanya hesabu. Kila mumoja aliandika fasi walipozaliwa wankambo wake wane. Mu kalasi nzima hakukuwa hata mumoja ambaye wote wane walizaliwa Likasi. Hata yule aliyesema "huku si kwenu", nkambo yake mumoja alizaliwa ng'ambo ya mupaka, mu Zambia. Alisoma karatasi yake mwenyewe, akanyamaza. Kesho yake nilimuona anakula bukari pamoja na yule waliyepigana. Sikusema kitu.

Basi mudogo wangu, jibu la ulizo lako ni hili. Katanga haiko tena ku karte ya serikali. Iko mu Lualaba inayokusanya maji, iko mu jiwe la kijani, iko mu Kiswahili chetu, iko mu jasho la waliotoka mbali na waliokuwa hapa mbele. Kwa sababu haina tena liwali wala mupaka, hakuna mutu mwenye kuishika mulango na kusema wewe ingia, wewe toka. Jina tuliloachiwa tunaweza kulifanya nyumba, au kulifanya fimbo. Wazee wetu waliwahi kulifanya fimbo. Tumeona.

Mu Biblia, Yoshua sura ya 4, Waisraeli wanasimamisha mawe kumi na mawili kisha kuvuka Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Sisi tuna mawe mengi kupita wao. Watoto wetu watatuuliza. Na musome Walawi 19, mistari ya 33 na 34, namna Mungu anavyotaka mugeni atendewe, na sababu anayoitoa.

MAULIZO

1. Taja majimbo mane yaliyotoka mu Katanga mwaka 2015, na muji mukubwa wa kila moja.
2. Chora Lualaba, Lufira, Luvua na Lukuga. Zinakutana wapi?
3. Misalaba ya shaba ya Katanga na franga ya Uswidi ya 1644: zinafanana kwa nini, zinaachana kwa nini?
4. Kwa nini Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za watumikaji?
5. Uliza nyumbani: wankambo wako wane walizaliwa wapi, na nani aliwapokea walipofika? Uandike, ulete kwa mwalimu. Ulizo hili la tano njo kubwa.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho